Likizo, Miti na Barabara Kuu: Majeraha ya Kiangazi Mkoani Songwe

Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, hauna kiangazi cha namna moja. Mbozi, Ileje na mji wa Tunduma ulio mpakani na Zambia hupitisha miezi ya Juni na Julai katika baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Huko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa na kandokando ya Mto Momba, jua huwaka kwa namna ambayo mtu wa Vwawa hawezi kuizoea haraka. Kinachounganisha pande hizi ni kwamba mvua imekatika, mahindi yamevunwa, kahawa inachumwa na shule zimefungwa. Wazazi wako shambani au sokoni, watoto wako nje tangu kupambazuka, na mara nyingi mlezi wa mtoto wa miaka minne ni dada yake wa miaka tisa.

Hakuna mtu mwenye busara anayetaka watoto hao wafungiwe ndani. Mtoto anayekimbia, anayepanda na anayeogelea hujenga mifupa na akili. Linalostahili kuulizwa ni majeraha gani humwachia ulemavu wa kudumu, na ni yapi kati ya hayo yangeweza kuzuiwa hata baada ya ajali kutokea.

Jeraha linalostahili kutangulia yote ni la kiwiko. Mtoto anapoanguka kutoka juu ya mti, hasa maembe yanapoiva mwishoni mwa kiangazi, hunyoosha mkono ili ajikinge. Uzito wa mwili hupanda kupitia kiganja hadi kwenye mfupa wa mkono wa juu, mahali palipo wembamba mno juu kidogo ya kiwiko, na mfupa huo huvunjika. Wengi wa wanaopatwa na mvunjiko huu wana umri wa kati ya miaka mitano na saba. Mbele ya mfupa huo hupita ateri inayolisha kiganja pamoja na mishipa ya fahamu. Ncha ya mfupa uliovunjika huweza kuibana au kuichana. Kwa hiyo mvunjiko unaoonekana wa kawaida huweza kuhatarisha mkono mzima.

Hatari ya pili hutoka mikononi mwa wanaotaka kusaidia. Misuli ya mkono imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Uvimbe unapoongezeka, msukumo ndani ya utando huo hupanda mpaka damu isiweze kupita. Iwapo juu yake kumefungwa banzi za miti zilizokazwa kwa kamba, au plasta nzima, ile ambayo wengi huiita hogo, msukumo huongezeka maradufu. Misuli iliyokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa, na haifufuki. Baadaye husinyaa, vidole hukunjamana, na mkono hubaki kama ukucha wa ndege. Mwaka 1881 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza ulemavu huu na kuuhusisha na bendeji zilizokazwa mno. Zaidi ya karne moja imepita, na kosa ni lile lile, liwe limefanywa na mwunga mifupa kijijini au na mhudumu aliyefunga plasta kamili siku ya kwanza, kabla uvimbe haujapungua.

Ni rahisi kuwalaumu waunga mifupa, na lawama hiyo haisaidii sana. Familia humwendea kwa sababu yuko karibu, huongea lugha yao na hukubali kulipwa baada ya mavuno. Baadhi yao wana mikono yenye uzoefu kwa mivunjiko midogo. Zahanati ifanyayo vyema ni ile inayoketi naye na kukubaliana mambo machache: asivute wala kusugua kiwiko cha mtoto, asifunge chochote kuuzunguka mkono uliovimba, asiguse mfupa uliotoboa ngozi wala kuupaka dawa, na amtume mtoto mbele siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mkono uachwe katika hali ambayo mtoto mwenyewe ameushika, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo tu, uegemezwe kwa khanga iliyofungwa shingoni. Bangili, pete na uzi wa hirizi vivuliwe mapema, kwani baada ya saa moja huenda visitoke. Mtoto asilishwe mpaka mhudumu aseme, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Kwa mhudumu, vidole ndivyo vinavyosema kweli. Abonyeze ukucha na kuuachia: wekundu urejee ndani ya sekunde mbili. Amwombe mtoto akunje na kunyoosha kila kidole, kisha aulize kama anahisi mguso. Maumivu yanayozidi licha ya dawa, na hasa yanayopanda vidole vinaponyooshwa polepole na mtu mwingine, ni kengele ya hatari. Mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono yasimdanganye, kwa sababu huweza kuwapo wakati misuli tayari inakufa. Hapo bendeji, pamba na plasta vikatwe vyote mpaka ngozi ionekane, mkono uwekwe usawa wa moyo, wala si juu zaidi, na rufaa ifanyike bila kusubiri asubuhi. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mbozi. Mbeya iko kama kilomita 100 kutoka Tunduma. Saa sita si nyingi kwa safari hiyo, hasa ikiwa mbili zimekwisha kutumika kutafuta nauli.

Mzazi anayerudishwa nyumbani na mtoto aliyefungwa plasta aambiwe jambo hili kwa maneno yasiyo na mzunguko: mtoto akilia usiku kwa maumivu, arudi usiku huo. Kumpa dawa ya maumivu na kungoja kuche ndiko kunakopoteza mikono.

Tunduma ina hatari yake yenyewe, nayo ni barabara. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni hapa, na watoto hucheza na kuuza karanga katikati yake. Dereva aliyeketi juu ya kabati la lori hamwoni mtoto aliye karibu na bampa au ubavuni mwa magurudumu. Akianza kusogea kwa mwendo wa miguu tu, tayari inatosha kuua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mtoto afundishwe kutopita kati ya malori mawili hata kama yamezima injini. Kwenye bodaboda, apandishwe na kushushwa upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi mara nyingi liko kulia na huunguza muundi hadi ndani. Anayebebwa nyuma ya baiskeli huumia kisigino kinaponasa katika njiti za gurudumu. Kipande cha ubao au turubai kando ya gurudumu kinatosha kuzuia.

Ama kuungua, msimu wake katika nyanda za juu ni Juni na Julai, baridi inapowakusanya watu jikoni. Sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, yakingwe kwenye beseni na kumwagwa tena. Dawa ya meno, mafuta, unga na yai huongeza uchafu na kumfanya mhudumu ashindwe kuona kina cha jeraha. Mtoto mdogo afunikwe sehemu nyingine za mwili, kwani baridi humpata upesi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kwa hali yoyote: hewa yake ya sumu haina harufu, na waliolala hawaamki kuikimbia.

Nyoka nao hufuata panya, na panya hufuata mahindi yaliyorundikwa ndani ya nyumba. Aliyeumwa alazwe, kiungo kisichezeshwe, naye abebwe hadi kituo cha afya. Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza na kubandika jiwe jeusi hakutoi sumu mwilini. Kamba hiyo, kama ile ya banzi za kiwiko, huua kiungo kilichokuwa bado kizima.