Watoto wa Eastlands na majani ya Ngong

Mtoto wa mitaa yetu ya Eastlands ukimwuliza majani huota wapi, atakuonyesha ua wa kanisa, au uwanja wa mpira ambao majani yake yalikwisha zamani kwa kukanyagwa. Wala si kosa lake. Kaloleni ilipojengwa katika miaka ya 1940 iliachiwa nafasi ya kupumua, nyumba zikazunguka nyasi na ukumbi wa jamii. Jericho na Maringo nazo zilipata nyuga zao baina ya safu za nyumba. Hivi leo nyuga nyingi zimemezwa na vibanda vya mabati, gereji na kuta. Uwanja umekwisha, watoto hawajakwisha.

Ndiyo maana, msomaji wangu, napenda kukutajia mahali ambapo familia yaweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya magharibi: vilima vya Ngong. Asubuhi isiyo na ukungu vilele vyake huonekana kutoka mitaani kwetu, upande wa machweo, kama vifundo vya ngumi iliyolazwa chini. Wengi wetu tumezeeka tukivitazama tu.

Jumamosi moja nilifuatana na jirani zangu wa Jericho, mume, mke na wana wao watatu, kitinda mimba ana miaka sita. Tulipanda matatu hadi mjini, kisha tukashika 111 mpaka mji wa Ngong, kiasi cha kilomita 25. Mama watoto alifunga chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Nami, mtu wa pwani, sikuyaacha mahamri yangu. Langoni tulilipa kiingilio cha Shirika la Misitu, KFS, tukaomba na askari wa kutusindikiza. Jambo hilo lisipuuzwe: Ngong ni ya kwenda kwa kundi.

Njia huanza kwa upole, ikipita chini ya mitambo mirefu ya upepo.

"Babu, panga boi hizi za nani?" aliuliza binti mkubwa.

Nikamweleza kuwa ni za KenGen. Kwamba ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na sasa zote pamoja zina uwezo wa megawati 25.5. Huenda taa anayosomea usiku huwashwa na upepo huohuo uliokuwa ukimvua mtandio.

Tulipokwisha kupanda kilima cha kwanza, tuliteremkia bonde dogo lililo baina yake na cha pili. Hapo majani yamejitandaza kama mkeka, hakuna ukuta wala waya. Yule mdogo alisimama ukingoni, akamshika baba yake mkono, akauliza: "Mwenyewe atakuja kutufukuza saa ngapi?"

Baba yake alinyamaza kidogo, kisha akamwambia: "Hapa hatufukuzwi. Huu ni msitu wa umma, na umma ni wewe." Mtoto alivua viatu akakimbia mpaka akaanguka, akainuka akakimbia tena.

Mashariki tuliuona mji wote, na magharibi Bonde la Ufa likiporomoka kuelekea Suswa na Longonot. Wamaasai huviita vilima hivi kwa jina la jicho, au chemchemi, ya kifaru. Kilele kirefu kina mita 2,460, lakini wenye watoto wadogo hawana haja ya kukifikia. Mgongo mzima ni kiasi cha kilomita 10, kupanda na kushuka. Rudini kutoka kilima cha pili. Chukueni makoti, kwani Julai baridi yake huuma. Epukeni mvua za Aprili, njia huteleza. Na takataka zenu zirudi nanyi.

Hata hivyo, safari ya Ngong haiwezi kuwa badala ya uwanja wa nyumbani. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi si fedha ndogo kwa mtu wa kibarua. Ataimudu mara moja au mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki mtoto yuko mtaani. Na mitaa yetu mikongwe imo katika mpango wa kujengwa upya. Pangani ya zamani ilikwisha kubomolewa, yakasimama maghorofa. Nyumba mpya tunazihitaji, sikatai. Lakini ramani zitakapotandazwa mbele yetu, tusiulize vyumba peke yake. Tuulize pia watoto watachezea wapi.

Nawasihi basi wazazi: wapelekeni wana wenu Ngong wakayakanyage majani kwa miguu yao. Na siku kikao cha mtaa kitakapoitishwa, nendeni nao, waseme wenyewe walichokiona kule.