Maombi Yanayorudisha Kilichoibwa

Oktoba 1941, wanafunzi 26 wa theolojia walifukuzwa Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, nchini Uganda. Ugomvi wao na uongozi wa chuo ulianzia kwenye maombi. Waliamka saa kumi alfajiri, wakakusanyika kuomba na kuhubiri, wakazitaja dhambi walizoziona chuoni bila kumung'unya maneno, na walipoamriwa waache, hawakuacha. Uongozi uliona ni uasi. Wao waliona kwamba anayesomea uchungaji akizuiwa kuomba hana tena anachokisomea. Mmoja wao, William Nagenda, hakuwekewa mikono kuwa kasisi hadi anakufa, lakini alihubiri Afrika Mashariki yote na kuvuka bahari hadi Ulaya, makanisa makubwa yakimsikiliza.

Siku hizi hakuna anayefukuzwa shule kwa sababu ya kuomba. Tunaomba sana, na kwa sauti. Ijumaa usiku mikesha imejaa kuanzia Mbagala hadi Kayole, redio zinakesha na waombaji, na simu zetu zina vikundi vya maombi ya alfajiri vinavyoita kabla ya jogoo. Nafurahi kuona hivyo. Ila lipo swali ambalo vijana wale wa Mukono walilibeba, na nalisikia mara chache katika mikesha yetu: baada ya kuomba hivyo, mwombaji amekuwa mtu wa namna gani kwa wale anaoishi nao?

Ili kulielewa swali hilo, inabidi kurudi nyuma miaka kumi na miwili kabla ya Mukono. Kanisa la Anglikana Uganda lilikuwa limekwisha kupita miaka 50 tangu wamisionari wa kwanza wafike kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Wafia dini wa Namugongo walikuwa wameingia katika historia, na wajukuu wa kizazi kile walikuwa wamekuwa watu wakubwa. Ubatizo ulimfungulia mtoto mlango wa shule, na shule ikamfungulia mlango wa cheo. Makanisa yalijaa. Imani ya wengi ilikuwa ya ukoo, imerithiwa pamoja na shamba na jina la babu.

Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alikuwa akifanya kazi Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi, na Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali iliyoua watu wengi. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa familia yenye uwezo aliyefanya kazi katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa Wakristo wa muda mrefu, na wote waliona kuna kitu wamekikosa. Kwa siku mbili walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Hebu fikiria Uganda ya ukoloni, Mzungu na Mwafrika wamepiga magoti mahali pamoja, kila mmoja akikiri kwamba anahitaji kile kile anachokihitaji mwenzake. Muda si mrefu Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri, na daktari akarudi Gahini.

Huko Gahini moto haukuwaka mara moja. Hospitali ilijaa manung'uniko kati ya Wazungu na Waafrika, na kati ya Waganda waliokuja kusaidia na wenyeji. Yosiya Kinuka, aliyewaongoza wahudumu wa hospitali, alifunga safari hadi Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza yote yaliyoharibika kazini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamgeuzia maneno: shida ya hospitali ianze kutafutwa ndani ya Yosiya mwenyewe. Hakuna anayependa kuambiwa hivyo baada ya safari ndefu. Lakini Kinuka aliporudi alikuwa mtu mwingine, akaungama mbele ya wenzake, na wahudumu waliokuwa wakimkwepa wakaanza kumsogelea.

Naona kiini chote cha habari hii kimelala katika mazungumzo hayo. Kinuka alikwenda na orodha ya makosa ya watu, akarudi na kosa lake. Wengi wetu huingia katika maombi na orodha ile ile ya kwanza: bosi ananionea, wakwe wananichukia, jirani ananiroga. Tunaiwasilisha kwa machozi na tunaondoka nayo ikiwa imeongezeka uzito.

Desemba 1933, mwishoni mwa mkutano wa siku kadhaa hapo Gahini, watu walianza kuungama wakiwa katika maombi, mmoja baada ya mwingine, na ikawa vigumu kuwanyamazisha. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu wa wainjilisti mahali hapo. Mwaka 1935 alijitenga kwa wiki nzima kuomba. Alipotoka alianza kwa kuomba radhi, na mahubiri yakafuata. Januari 1936 alisafiri kwenda Kampala na maswali matatu ya kuyapeleka mbele ya sinodi: kwa nini kanisa limepoa, kwa nini Meza ya Bwana inakaribiwa na watu wanaoishi wazi katika dhambi, na nini kifanyike ili uhai urudi. Homa ya papasi ilimuua kabla hajayatoa. Wengine waliyasoma maswali yake, na yakatembea mbali kuliko ambavyo pengine yeye angetembea.

Kutoka hapo mwamko huu wa imani, uamsho, ulishuka Kigezi, ukaingia Burundi, ukavuka hadi Buhaya na kufika Dodoma, na mwaka 1937 kundi la ndugu, kama watu wa uamsho walivyoitana, likapanda hadi Kabete nchini Kenya. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ukaimbwa na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda. Mambo yalienezwa na watu wa kawaida: wauguzi, walimu, makarani, wanawake wa vijijini waliotembea kwa miguu mlima hadi mlima. Watu walirudisha walivyoiba. Mwenye deni alilipa. Mwanamume alimwambia mkewe mambo ambayo mila ilimruhusu kuyaficha hadi kaburini, na wapo waliotazamwa kwa mshangao kwa sababu wameanza kukaa meza moja na wake zao.

Ushirika wao ulikuwa mwepesi. Mara moja kwa wiki au zaidi ndugu walikutana nyumbani kwa mtu au chini ya mti, wakaimba, wakasoma fungu la Biblia, kisha kila mmoja akaeleza alikotembea tangu walipoachana. Waliita hilo kutembea nuruni. Mama aliyemkaripia mtoto kwa hasira alilisema. Mwalimu aliyekuwa na kinyongo na mwalimu mwenzake alilisema, mara nyingi mwenzake mwenyewe akiwa ameketi mbele yake. Hapo ndipo imani binafsi ilipokuwa binafsi kweli kweli, kwa maana haikuweza kujificha nyuma ya padre, wala nyuma ya kwaya, wala nyuma ya jina la ukoo. Na papo hapo haikuwa siri ya mtu. Walioijua vizuri kuliko wote ni wale waliolala nyumba moja naye.

Njia hii ilikuwa na hatari zake, na wazee wa uamsho wenyewe walizizungumza. Kuungama hadharani kunaweza kumuumiza mtu wa tatu ambaye hakuomba jina lake litajwe. Kunaweza kuwa mashindano ya nani alikuwa mwovu zaidi. Palikuwepo pia makundi yaliyoanza kupima wokovu wa wengine kwa nywele, mavazi na mikopo, wakagawanyika kwa uchungu. Sitaki kumpendezesha mtu yeyote zaidi ya alivyokuwa. Ninachosema ni kwamba walikuwa na kipimo cha maombi ambacho sisi tumekiweka kando, na kipimo hicho kilikuwa jirani.

Leo tunapima maombi kwa kilichopatikana. Ushuhuda unaopigiwa makofi ni wa gari, visa, mtoto, kazi, ndoa. Mungu anajibu haja hizo, naamini, na maskini ana haki ya kumlilia Mungu juu ya kodi ya nyumba. Mbele ya Baba hakuna haja iliyo ndogo mno. Lakini nimekaa katika ibada nyingi nikingoja kusikia ushuhuda wa mtu aliyemrudishia shangazi yake shamba la urithi, au mfanyabiashara aliyerekebisha mizani yake, au baba aliyekwenda kumtafuta mtoto aliyemkana. Ushuhuda wa namna hiyo hausikiki mara nyingi, na sidhani ni kwa sababu mashamba yote yamekwisha kurudishwa. Pale mwombaji anapouziwa maji na mafuta ili adui zake waanguke, amefundishwa kumtafuta adui nje tu. Amepewa orodha ya Kinuka ya kwanza na kuambiwa airudie kwa sauti kubwa zaidi.

Imani ya akina Kinuka ilikuja kujaribiwa vibaya. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, Wakikuyu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema damu ya Kristo inawatosha. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki ya serikali. Waliopigania ardhi yao walikuwa na madai ya haki, na historia imewapa heshima yao. Ndugu hawa walijikuta katikati, wakishukiwa na pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Huko Murang'a kanisa la kumbukumbu limejengwa kwa ajili yao, na ndani yake Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanganyika, alichora maisha ya Kristo ukutani, akamwonyesha akizaliwa na kusulubiwa katika vilima vya Wakikuyu, kati ya watu weusi.

Miaka ishirini na mitano baadaye ilikuwa zamu ya Uganda. Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka mwaka 1948 akiwa mwalimu, alikuwa Askofu Mkuu wakati Idi Amin akitawala. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin wakilalamikia mauaji. Tarehe 16 mwezi huo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Mwili uliporudishwa kwao Mucwini, watu waliona matundu ya risasi. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye aliwahi kufundisha Dodoma, alitoroka na mkewe kwa kuvuka milima usiku kuingia Rwanda.

Kivengere hakuficha yaliyomtokea baadaye moyoni. Alimchukia Amin, na alikuwa na kila sababu. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ndani ya kanisa London, alitambua kwamba chuki ile imekausha maombi yake. Hapo hapo akaomba asamehewe, akamsamehe Amin, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Amin. Wapo Waganda walioumizwa na jina hilo, na siwalaumu. Kivengere hakuacha kuutaja uovu wa utawala ule kwa jina lake. Alikuwa amefanya tu kile walichokuwa wakikifanya katika ushirika wa Kigezi alikolelewa kiroho: kuanza na kilichomo ndani ya mwenye kuomba.

Na Rwanda, je? Kila anayeuandika uamsho huu kwa upendo lazima afike hapo. Nchi ambamo Gahini ipo ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994, na watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyarubuye, Nyamata, mahali walipokimbilia wakidhani waombaji hawataua. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Baadhi ya viongozi wa makanisa walinyamaza, na baadhi walishiriki. Hakuna maelezo yanayotosha. Ninaloliona mimi ni kwamba katika miaka iliyotangulia kanisa lilizoea kuungama hasira na wivu na uzinzi, likaacha dhambi ya ukabila na ya kujipendekeza kwa watawala bila kutajwa katika maombi. Dhambi isiyotajwa mbele za Mungu haikai kimya. Hukua.

Lakini wapo walioitaja. Nyamata hiyo hiyo, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho, alichukuliwa na askari usiku. Aliomba apewe nafasi ya kusali kwanza, akawaombea waliokuja kumuua, kisha akatembea akiimba hadi darajani walikompigia risasi. Miaka thelathini baadaye Israel Havugimana, Mhutu aliyekuwa akiwakutanisha Wahutu na Watutsi waombe na kuambiana ukweli, alikuwa miongoni mwa waliouawa mwanzoni kabisa mwa mauaji. Wauaji walijua maombi ya namna hiyo yanazuia nini.

Ushirika haujafa. Huko Kigezi, Bukoba na Mlima Kenya bado wapo wazee, na vijana wachache, wanaokutana siku ya kazi jioni bila jukwaa wala kipaza sauti. Ukiingia utaulizwa jina lako na unakotoka, utaimba nao, na zamu yako ikifika utaulizwa unatembeaje na Yesu. Ukianza kuwaeleza kuhusu makosa ya mumeo, au ya mchungaji wako, watakusikiliza kwa upole hadi umalize. Kisha mmoja wao atakuuliza, kama Nsibambi alivyomuuliza Kinuka, habari zako wewe mwenyewe.