Laini ya biashara ya familia: Jina la nani, namba ya siri kwa nani?

Biashara ndogo nyingi za familia katika Kata ya Lupepo, wilayani Rungwe, ofisi yake ni simu. Mnunuzi wa ndizi aliyeko Dar es Salaam hupiga namba hiyo kuagiza mikungu, dereva wa lori huipiga akiwa njiani kutoka Mbeya, na malipo ya parachichi au viazi huingia humohumo.

Lakini ukiuliza laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani, jibu linaweza kuwashangaza hata wenye biashara. Mara ni jina la kijana aliyekwenda chuo, mara la shemeji aliyehamia mkoa mwingine, mara la baba aliyekwisha fariki.

Tatizo hilo lina historia. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019. Mwisho ulipangwa kuwa Desemba 31 mwaka huo, kisha Rais wa wakati huo, John Magufuli, akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Kilichohitajika ni namba ya NIDA, na watu wengi walikuwa hawajaipata. Katika haraka ile, aliyekuwa nayo aliwasajilia wenzake nyumbani. Simu haikuzimwa na maisha yakaendelea, lakini jina likabaki la mtu mwingine.

Mwenye jina ndiye mwenye laini

Kwa kampuni ya simu, mmiliki ni yule aliyeweka kidole, si yule anayeshika simu kila siku. Mwenye jina anaweza kwenda dukani kwao, akasema laini imepotea na kupewa nyingine. Ile iliyo mkononi mwa mama sokoni inakufa papo hapo, pamoja na njia ya kufikia salio lililomo.

Upande wa pili, mwenye jina naye yuko hatarini. Namba ikitumika kutapeli watu, wa kwanza kuulizwa na polisi ni yeye, hata kama hajaigusa kwa miaka mitatu.

Kifo huleta ugumu zaidi. Fedha zilizomo kwenye laini ya marehemu ni sehemu ya mirathi. Mjane anayeendelea kuzitoa kwa kuwa anaijua namba ya siri anaweza kujikuta akituhumiwa na ndugu wa mume, ilhali alikuwa akilipa wakulima waliokwishaleta mzigo. Njia halali ni cheti cha kifo, kisha msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Huo si mchakato wa siku moja, na wateja hawasubiri.

Anza na *106#

Hatua ya kwanza haihitaji nauli. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma husika uikane na ifutwe. Kila mtu mzima nyumbani afanye hivyo, maana wapo waliowahi kuwekeshwa kidole mara mbili na wasajili wa barabarani bila kujua ya pili ilikuwa ya nini.

Kama biashara imesajiliwa BRELA, laini inaweza kuwekwa kwa jina la biashara badala ya jina la mtu. Andaa cheti cha usajili, TIN, leseni, barua ya utambulisho na kitambulisho cha NIDA cha mwakilishi. Mwakilishi akibadilika, biashara huandika barua nyingine, na namba waliyoizoea wateja inabaki palepale.

Kama bado hamjasajili biashara, basi laini iwe kwa jina la yule anayeiendesha kweli. Kama ni mama ndiye anayenunua na kuuza, liwe jina la mama.

Kupokea simu si kugusa fedha

Kosa la kawaida ni kumpa mtu simu na kila kilichomo. Anayepokea oda hahitaji kujua namba ya siri. Inafaa kutenganisha: laini moja ya mazungumzo, na lipa namba ya biashara kwa malipo. Muulize mtoa huduma wako kama akaunti hiyo inaruhusu wahudumu zaidi ya mmoja, kila mmoja kwa namba yake ya siri, ili muamala uonyeshe aliyeufanya.

WhatsApp nayo isisahaulike. Namba moja huweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uondoe simu au kompyuta ya mtu ambaye hayumo tena kazini. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili.

Mfanyakazi akiacha kazi, au kijana akienda chuo, badilisha namba za siri siku hiyohiyo. Usisubiri ugomvi ndipo ubadilishe, kwa sababu hapo itaonekana ni adhabu.

Mtoto na simu ya biashara

Wapo wazazi wanaomtuma mtoto wa shule ya msingi kwa wakala akiwa na simu, na namba ya siri kwenye kikaratasi. Mtoto hana kosa, lakini kila aliyesimama dirishani amekwisha kuiona. Wapo pia wanaomwachia simu hiyo achezee michezo jioni, na ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” ukiingia, anayeusoma kwanza ni yeye.

Simu ya biashara isiwe ya kuchezea. Mfundishe mtoto jambo moja: ujumbe wowote wa fedha hupelekwa kwa mzazi kabla ya kubonyeza chochote. Namba ya tapeli inaweza kutumwa kwenda 15040.

Utaratibu unalinda undugu

Wazazi wengine huona aibu kuweka masharti haya, wakihofia kijana atasema haaminiwi. Lakini fikiria Sh200,000 za mkulima zimepotea, na watu sita nyumbani wanaijua namba ya siri. Wote sita ni washukiwa, na mara nyingi lawama humwangukia mdogo au mgeni wa nyumba: binti wa kazi, mpwa aliyekuja kusoma, mkwe. Kama wanaoijua ni wawili, wengine wanne wanalala bila hofu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: namba ya laini, imesajiliwa kwa jina la nani, nani anapokea simu, nani anaruhusiwa kutoa fedha na hadi kiasi gani, nani atashika nafasi yake akiugua, na tarehe. Namba ya siri isiandikwe humo. Kila aliyetajwa aweke sahihi, na ukurasa usomwe tena kila mtu anapoingia au kutoka kwenye biashara.

Kazi hiyo inaweza kufanyika leo jioni baada ya chakula, wakati baba, mama na vijana wakubwa wote wapo. Ni rahisi kuliko kikao cha ukoo kitakachoitishwa fedha zikishapotea.