Mashua Iliyoshinda kwa Robo ya Sekunde

Wasomaji waliokulia pwani, au kando ya ziwa kule Nyanza, hawana haja ya kufundishwa kupiga makasia, maana kazi hiyo wameiona katika uvuvi tangu utoto wao. Lakini kupiga makasia kwa mashindano ni jambo la namna nyingine kabisa, na pengine si wengi kati yetu wajuao jinsi vijana wanne wa Afrika Kusini walivyowashinda Waingereza katika ziwa lao wenyewe, tarehe 2 Agosti 2012.

Mahali penyewe ni Dorney, karibu na mji wa Windsor, ambapo shule ya Eton ilichimba ziwa refu lililonyoka kama rula. Hapo ndipo palipofanyika mashindano ya makasia ya Michezo ya Olimpiki ya London. Mwendo ni mita 2,000, mashua sita kwa wakati mmoja, kila moja katika njia yake iliyotengwa kwa maboya.

Mashua ya watu wanne ina urefu wa mita 13 hivi, nayo ni nyembamba mno. Kila mtu hushika kasia moja kwa mikono yake miwili. Kiti hakikutulia, kina magurudumu madogo yaendayo mbele na nyuma juu ya reli, ili mpigaji asukume kwa miguu, maana nguvu kubwa ya mchezo huu hutoka miguuni, wala si mikononi kama wengi tunavyodhani. Mshika usukani hayumo. Mmoja wa wanne huiongoza mashua kwa kugeuza kiatu chake, ambacho kimeunganishwa kwa nyaya na usukani mdogo ulio chini.

Na tena, wote huketi wakiupa mgongo upande waendako. Basi anayetangulia huwatazama wote wanaomfuata, lakini aliye nyuma hawaoni anaowafukuza ila ageuze shingo, na kugeuza shingo ni kupoteza mwendo.

Mashindano hayo yalikuwa ya watu wepesi. Hakuna aliyeruhusiwa kuzidi kilo 72.5, na wastani wa wote wanne haukuruhusiwa kupita kilo 70. Mizani yenyewe hupandwa saa moja au mbili tu kabla ya kuanza. Fikiri, ndugu msomaji, taabu ya kijana mrefu mwenye misuli ya kazi ambaye hana ruhusa ya kushiba! Wengi hupunguza chakula, hata maji, kisha wakishuka kwenye mizani hula na kunywa upesi ili nguvu ziwarudie. Mimi niandikaye haya nyuma ya meza ya ofisi, ambaye chai ya saa nne ikichelewa kalamu haiendi, nakiri kwamba nisingeweza hata siku moja.

Majina yao ni Sizwe Ndlovu, John Smith, Matthew Brittain na James Thompson. Ndlovu ndiye aliyeketi karibu na tezi, mahali pa mtu ambaye wengine wote hufuata mapigo yake. Akiharakisha wameharakisha, akikosea wamekosea wote. Alizaliwa mwaka 1980 huko Newcastle, katika Natal, akaujua mchezo huu alipokuwa mwanafunzi Johannesburg. Wakati alipozaliwa, nchi yake ilikuwa imefungiwa nje ya Olimpiki kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, nayo haikurudi mpaka mwaka 1992. Na makasia ulikuwa mchezo wa shule za Wazungu wenye mali.

Siku hiyo waliotazamiwa zaidi ni Wadenmark na Waingereza. Kati ya Wadenmark alikuwamo Eskild Ebbesen, mtu wa miaka 40, aliyekwisha kupata dhahabu mara tatu, mwaka 1996, 2004 na 2008. Waingereza nao walikuwa na maelfu ya watu ukingoni wakiwapigia kelele. Waafrika Kusini walikuwa nyuma kwa sehemu kubwa ya mwendo. Katika mita 500 za mwisho Ndlovu akazidisha mapigo, watatu wakamfuata, na mashua yao ikaanza kuwakaribia wenzao kidogo kidogo. Wadenmark waliwaona wakija. Wao wenyewe hawakuona kitu ila maji waliyoyaacha.

Walivuka kwa dakika 6 na sekunde 2.84. Waingereza walitumia dakika 6 na sekunde 3.09, Wadenmark sekunde 3.16. Nimejaribu kupiga hesabu: robo ya sekunde kwa mwendo ule haifiki hata mita moja na nusu, katika safari ya mita 2,000. Hivyo Ndlovu akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki kwa makasia.

Thompson na Smith hawakuishia hapo. Mwaka 2014 walikuwa mabingwa wa dunia huko Amsterdam katika mashua ya watu wawili. Lakini mashindano ya wanne wepesi yaliondolewa katika Olimpiki baada ya mwaka 2016.

Na sisi Kenya? Mwaka 2021 Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili kwa ajali ya garimoshi akiwa mtoto mdogo, alituwakilisha katika Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo. Alikuwa peke yake katika mashua, na mita zake zilikuwa 2,000 zile zile, kwa mikono na mabega tu.