Msahafu Mkongwe Kuliko Yote ni Upi?

Julai 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitangaza kwamba karatasi mbili za ngozi zilizokuwa zimelala maktabani mwake zimepimwa kwa kaboni, na majibu yameiweka ngozi hiyo kati ya mwaka 568 na 645. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifariki mwaka 632. Vyombo vya habari havikungoja zaidi: msahafu mkongwe kuliko yote umepatikana! Karatasi zenyewe zina sehemu za Suratul Kahf, Maryam na Twaha, kwa hati ya Hijazi ambayo alifu zake hulalia kulia. Zilikuwa zimejalidiwa kimakosa pamoja na karatasi za msahafu mwingine, hadi mtafiti Alba Fedeli alipobaini kwamba haziendani.

Tatizo ni kwamba kaboni hueleza mnyama alikufa lini. Kalamu iligusa ngozi lini, haisemi. Tena wagombea wengine wapo: karatasi 77 za Tübingen, Ujerumani, zilipewa miaka ya 649 hadi 675, na karatasi moja yenye asili ya Sanaa, Yemen, ikapewa 578 hadi 669. Miaka inapopishana hivi, kumvika mmoja taji ni ushabiki tu. Anayetaka tarehe iliyoandikwa kwa mkono wa wenyewe aende Jerusalem: aya zilizopambwa ndani ya jengo la Qubbat as-Sakhra zina mwaka wake, 72 Hijria, yaani 691 au 692. Lakini huo ni ukuta, si msahafu.

Ukiniuliza upi una mengi ya kusimulia, nitakupeleka Sanaa, Yemen. Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakikarabati Msikiti Mkuu walikuta juu ya dari lundo la ngozi na karatasi kuukuu, maelfu ya vipande vya misahafu. Baadhi ya karatasi zile ziliandikwa mara mbili: maandishi ya kwanza yakafutwa, mengine yakaandikwa juu yake, na ya chini husomeka vizuri zaidi chini ya mwanga wa urujuanimno. Humo mpangilio wa sura si huu tuuzoeao, na baadhi ya maneno yanatofautiana. Kilichonivutia mimi ni kidogo zaidi. Mwanzoni mwa Surat Tawba, sura ambayo kila mtoto wa madrasa anajua haina bismillahi, mwandishi ameweka agizo kwamba bismillahi isisemwe. Mtafiti Asma Hilali aliona hapo dalili ya zoezi la darasani. Wenzake wengi hawajakubali.

Kwa kutawanyika, sijui wa kushindana na msahafu uliotoka msikiti wa Amr bin al-As, Fustat, Misri. Zimebaki karatasi 98: 70 zipo Paris, 26 Saint Petersburg, moja Vatican na moja London. Mtafiti François Déroche alitambua humo mikono ya waandishi watano.

Kwa uzito, Cairo inaongoza: karatasi 1,087, kilo 80. Kwa ukamilifu ni ule wa jumba la Topkapi, Istanbul, karatasi 408, ukikosa mbili tu. Yote miwili imenasibishwa na Khalifa Uthman, lakini Tayyar Altıkulaç, aliyewahi kuongoza idara ya mambo ya dini ya Uturuki, aliuchunguza wa Topkapi na kuhitimisha kwamba si wake.

Na siri iliyofichwa muda mrefu zaidi? Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, msomi Gotthelf Bergsträsser wa Munich alizunguka akipiga picha za misahafu ya kale. Alifariki mwaka 1933. Otto Pretzl aliyemrithi akafa 1941. Baada ya vita msomi mwingine, Anton Spitaler, akawaambia wenzake kwamba picha ziliteketea katika mabomu ya 1944. Hazikuteketea. Alikuwa nazo mwenyewe, mikanda ipatayo 450, na alikaa nazo takriban nusu karne kabla ya kumkabidhi Angelika Neuwirth, mwanafunzi wake wa zamani. Baadaye zikatumika katika mradi wa Corpus Coranicum, ulioanza mwaka 2007 nchini Ujerumani, na kazi ya mradi huo iko wazi kwenye intaneti, bila malipo.