Je, Maziwa Yangu Yanatosha? Maswali ya Wazazi Wapya wa Lyamkena kuhusu Afya na Ulishaji wa Mtoto Mchanga

Mkoa wa Njombe hulisha watu wengi walio nje ya mipaka yake. Mahindi, viazi mviringo, maharage na maparachichi ya nyanda hizi hupita Makambako, mji ambapo barabara ya Njombe na Songea huungana na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mkoa jirani wa Iringa tu ndio uliokuwa na hali mbaya zaidi.

Kwa sababu hiyo, maswali ambayo wazazi wapya wa kata ya Lyamkena huyauliza kliniki, mengine kwa sauti na mengine kwa kunong'ona, hayapaswi kuchukuliwa kuwa madogo. Sehemu kubwa ya udumavu hujengeka tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na baada ya hapo ni vigumu sana kuurekebisha. Makala hii inajibu maswali hayo kwa ajili ya wazazi, na pia kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaokutana nayo kila siku.

"Maziwa yangu hayatoshi. Nimpe uji?"

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lahitaji subira.

Siku ya kwanza na ya pili matiti hutoa dang'a, maziwa mazito ya rangi ya njano, kwa kiasi cha mililita chache tu kwa kila nyonyesho. Mama huona matone, mama mkwe huona matone, na wote wawili huogopa. Lakini tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno, na kiasi hicho, pengine kijiko kimoja cha chai au viwili, ndicho kinachomfaa. Dang'a imejaa kinga dhidi ya maambukizi. Kuikamua na kuimwaga kwa kudhani ni uchafu ni kumnyima mtoto kinga yake ya kwanza. Aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne.

Katika siku hizo za mwanzo mtoto hupungua uzito kidogo, na hilo ni jambo la kawaida mradi upungufu usizidi asilimia 10. Anapofikisha wiki mbili hivi awe ameurudia uzito wake wa kuzaliwa. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, tena mkojo mweupe, na ambaye uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, anapata maziwa ya kutosha. Kilio peke yake hakithibitishi njaa. Mtoto hulia kwa baridi, kwa nepi iliyolowa, kwa hewa tumboni, na kwa kutaka tu kubebwa.

Ni muhimu kuelewa jinsi maziwa yanavyotengenezwa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayotengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Titi linalonyonywa mara nyingi hutengeneza mengi, na titi lililoachwa limejaa hupunguza utengenezaji. Mama anayempa mtoto uji wa miezi miwili kwa kuwa "maziwa hayatoshi" humshibisha kwa maji na wanga. Mtoto hunyonya kidogo, matiti hupokea taarifa kwamba mahitaji yamepungua, na baada ya wiki mbili maziwa kweli hayatoshi. Hofu imejithibitisha yenyewe. Tiba yake ni kumrudisha mtoto kwenye titi, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku ukiwemo, kwa kuwa prolaktini hutoka zaidi usiku.

Mhudumu wa afya asiishie kusema "mnyonyeshe zaidi." Aketi amwangalie mtoto akinyonya. Mdomo uwe umefunguka sana, kidevu kiguse titi, na mtoto awe ameingiza chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Akishika ncha ya chuchu pekee, mama hupata vidonda na mtoto hupata kidogo. Nyingi ya kesi za "maziwa hayatoshi" huisha kwa kurekebisha mkao, kazi ya dakika kumi ambayo foleni ya kliniki haituruhusu kuifanya kila mara, lakini ambayo hatuna haki ya kuiruka.

Maji je? Hapana, hata wakati wa kiangazi. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji. Vivyo hivyo dawa za miti shamba za mchango, maji ya sukari, na maziwa ya ng'ombe: hakuna hata kimoja kinachohitajika kabla ya miezi sita, isipokuwa dawa au maji ya chumvichumvi yaliyoagizwa na mtaalamu. Asali isubiri hadi mwaka mmoja utimie, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vinavyompoozesha mtoto mchanga.

"Nina VVU. Kweli ninyonyeshe?"

Swali hili huulizwa mlango ukiwa umefungwa, nasi hatuwezi kulikwepa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Njombe kikiwa asilimia 12.7, cha juu kuliko mikoa yote, wakati cha taifa kilikuwa asilimia 4.4.

Jibu ni ndiyo, unyonyeshe, ukiwa unameza dawa za kufubaza virusi kila siku bila kuruka. Bila dawa, hatari ya mtoto kuambukizwa kupitia kunyonya pekee ni kati ya asilimia 5 na 20. Mama anapotumia dawa vizuri na wingi wa virusi ukashuka, hatari ya jumla, ya mimba, kujifungua na kunyonyesha pamoja, hushuka chini ya asilimia 5. Kwa upande mwingine, mtoto anayenyimwa titi katika nyumba isiyo na maji salama wala fedha za kununua maziwa ya kopo mwezi baada ya mwezi, hukabiliwa na kuhara, nimonia na utapiamlo.

Miezi sita ya kwanza apewe maziwa ya mama pekee, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine. Kinachoongeza hatari ni kuchanganya mapema: leo titi, kesho uji. Mtoto apewe dawa yake ya kinga kama kliniki inavyoelekeza, na apimwe akiwa na wiki 4 hadi 6. Majibu mazuri ya kipimo hicho si ya mwisho. Maadamu ananyonya, vipimo viendelee hadi baada ya kuachishwa ziwa.

Niongeze jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Mama aliyepimwa akiwa mjamzito na kukutwa hana maambukizi anaweza kuyapata wakati ananyonyesha, na maambukizi mapya huja na virusi vingi sana ndani ya maziwa. Apimwe tena katika kipindi cha kunyonyesha, na baba naye apimwe. Katika mji wa njia panda kama Makambako, ushauri huu usionekane kuwa tusi kwa ndoa ya mtu.

"Wanasema mtoto amebemendwa"

Imani ya kubemenda inajulikana sehemu nyingi za Tanzania: mtoto anayenyonya akikonda au akichelewa kutembea, husemwa kwamba baba au mama amefanya tendo la ndoa mapema, au nje ya ndoa. Sayansi haijui ugonjwa wa namna hiyo. Mbegu za kiume haziingii katika maziwa. Hata hivyo nisingependa imani hii ichekwe. Wazee waliona jambo la kweli, kwamba mtoto ambaye mama yake anapata mimba nyingine haraka hudhoofika, nao wakaweka mwiko wa kulinda nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine. Leo nafasi hiyo inalindwa kwa uzazi wa mpango. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa takriban asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayopaswa kutimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi.

Hasara ya imani hii ni aibu. Mama anayejua kwamba wifi na majirani watasema mtoto amebemendwa humficha ndani, na mtoto mwenye utapiamlo mkali, kifua kikuu au VVU hufika hospitali akiwa amechelewa. Mhudumu anayeuliza "ulikuwa wapi siku zote?" anaongeza aibu juu ya aibu. Pokea mtoto kwanza.

Kuna mengine ambayo hayana busara yoyote ndani yake. Kung'oa "meno ya plastiki" ni kung'oa vichipukizi vya meno halali ya mtoto kwa kifaa kichafu, wakati ugonjwa wake ni kuhara au homa tu. Kukata kimeo humwachia mtoto kutokwa damu na maambukizi, wakati kikohozi chake hakina uhusiano na kimeo. Watoto wamekufa kwa mambo haya. Kwenye kitovu pia kisipakwe jivu, kinyesi cha ng'ombe wala mafuta. Kiachwe kikavu na safi.

"Miezi sita imetimia. Sasa nini?"

Hapa ndipo Njombe inapopoteza watoto wake kwa udumavu, na sababu si ghala tupu. Chakula cha kwanza katika nyumba nyingi ni uji mwepesi wa sembe. Hujaza tumbo na kuleta usingizi, lakini kijiko chake ni maji zaidi kuliko chakula. Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, na unga wa dona ni bora kuliko sembe. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha katika umri huu, kwa hiyo ahitaji yai, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, dagaa waliosagwa laini, au nyama iliyosagwa. Viazi vilivyopondwa pamoja na parachichi na maziwa ni mlo mzuri unaopatikana karibu kila kaya ya Lyamkena. Inasikitisha kwamba parachichi bora hupangwa kwenye maboksi ya kwenda nje, na mtoto wa mkulima hubaki na uji.

Unga wa "lishe" wenye nafaka saba na karanga zilizosagwa pamoja haunivutii. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, na unga uliochanganywa na kukaa wiki nyingi huharibika bila kuonekana. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni salama zaidi kupika uji wa nafaka moja au mbili na kuongeza karanga mbichi nzima zilizochambuliwa, zikakaangwa na kusagwa siku hiyo. Ulanzi, hata ule mtamu wa asubuhi, ni pombe. Usipewe mtoto wa umri wowote.

Miezi 6 hadi 8 ale mara mbili hadi tatu kwa siku, kisha mara tatu hadi nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Lakini nani atamlisha? Msimu wa kulima mama hutoka alfajiri, na mtoto huachiwa dada wa miaka minane. Kwa maoni yangu upungufu mkubwa zaidi katika nyumba zetu ni muda wa mama, na baba ndiye mwenye uwezo wa kuuongeza, kwa kuchota maji, kubeba kuni na kushika kijiko. Mama anayelazimika kumwacha mtoto anaweza kukamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko. Hukaa salama kwa muda wa saa sita mahali penye baridi, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa. Aliyeajiriwa ajue kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha.

Baridi, na lini kukimbilia kituoni

Kuanzia Juni hadi Agosti wazazi wengi huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua waliolala. Mpe mtoto joto la kifua chako, ngozi kwa ngozi, mfunike kofia na blanketi, na jiko libaki nje.

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, au mwenye mwili wa baridi usiopata joto, asisubiri asubuhi. Vivyo hivyo anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea, mwenye degedege, anayevuta pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika, au ambaye mbavu zinaingia ndani anapopumua. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, ni dharura, na kumwanika juani si tiba yake.

Kwa wahudumu wenzangu nina ombi moja la kikazi. Mizani huning'inia katika kila kliniki, lakini ubao wa kupimia urefu mara nyingi umesimamishwa nyuma ya mlango. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaoridhisha kwa urefu wake na kuonekana mnene wa afya. Asipolazwa kwenye ubao huo na kupimwa, kadi yake itaendelea kuonesha mstari mzuri hadi siku ambapo hakuna tena la kufanya.