HAKI SI MSAADA

Vikundi vingi tunavyovitembelea Homa Bay na Migori husema vinataka haki. Lakini tukiuliza haki ni nini, mmoja atajibu ni kushinda kesi, na mwingine ni kusaidiwa na serikali. Sivyo hasa.

Neno haki lilitoka kwa Waarabu, wanaosema haqq. Kwao lina maana mbili zilizoshikana: jambo la kweli, na kitu ambacho mtu anastahili kupata. Neno hakika ni la shina hilo hilo. (Hakimu ni wa ukoo mwingine, ndugu yake hukumu na hekima. Labda ndiyo maana mtu aweza kutoka kwa hakimu bila haki!) Wajaluo wataelewa upesi, kwa sababu wazee wakiketi kwenye bura hutafuta kwanza adiera, yaani ukweli. Basi anayedai haki yake haombi. Anasema, "Hiki ni changu kweli kweli."

Tuchukue mambo ya wajane. Mume akishazikwa, watu wa ukoo wanakuja kung'oa mabati, wanaswaga ng'ombe, wanabeba nyavu za samaki. Kikundi kinakaa na kusema, "Tumhurumie mama huyu, tumchangie." Kuchanga ni vizuri, tusiache. Lakini mabati yale hayakuwa ya kuhurumiwa!

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Kenya mwaka wa 1981, inakataza mtu kujichukulia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Anayevunja hilo aweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Na kama hakuna wosia, mjane ndiye hufikiriwa kwanza kupewa barua za korti za kusimamia mali. Sheria haimuulizi kama amekubali tero au amekataa. Tena Katiba ya 2010 inasema mila inayopingana nayo haina nguvu.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba, pamoja na ule mchango, chagueni wawili wamsindikize mjane kwa chifu kuchukua barua, kisha kortini. Abebe kitambulisho na cheti cha kifo. Na mapema, kabla wageni wa matanga hawajatawanyika, mwandikieni kwenye daftari la kikundi: mabati mangapi, ng'ombe wangapi, nyavu ngapi. Waliokuwapo watie sahihi.